Kulabu ya Tisa

Jumatatu, 12 Agosti 2019. Baa ya Bata Watatu, nje kidogo ya Hexham

Nimeanza. Gillian, mhariri wangu, amenipa kaunti nzima ya Northumberland: nikague baa kumi na moja zenye vyumba vya kulala, wiki sita. Alidhani ananionea. Hakujua kwamba nimekuwa nikiitamani kazi hii tangu Aprili, siku tuliyomzika baba.

Kitabu chetu cha mwongozo wa baa na malazi ndicho wapanda milima wanachobeba mkobani. Baa yenye kibao chetu cha bluu mlangoni inapata wageni. Ikinyang'anywa, inabaki na wazee watano na mbwa wao, na baada ya misimu miwili inafungwa. Nimeziona zikifungwa, nyingine kwa kalamu yangu mwenyewe.

Ya kumi na moja kwenye orodha ni Kondoo Mweusi, kijiji cha Withenburn, mwenye baa Lance Hedley. Nimeiweka mwisho makusudi, kama mtoto anavyosogeza kipande cha nyama pembeni ya sahani.

Kitanda cha hapa kinalia. Mayai hayana neno.

Jumatano, 14 Agosti. Farasi wa Plau

Mvua. Mchuzi wa pakiti. Nimeandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 17 Agosti. Bado Farasi wa Plau

Mvua imeniweka ndani, basi niandike yote mara moja, hasira isije ikanipungukia njiani.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tulikaa Withenburn. Wanaume wa kule hawashindanii mpira wala magari. Wanashindania liki, mboga ya jamii ya kitunguu yenye shina refu jeupe. Si hizi liki nyembamba za sokoni. Ni liki nene kama paja la mtoto, zinalelewa kwenye tuta mwaka mzima, zinanyweshwa bia na maji ya samadi ya kondoo, na kila mtu ana dawa yake ya siri ambayo hata mkewe hamwambii. Jumamosi ya tatu ya Septemba zinapangwa mezani ndani ya baa, jaji anazipima kwa tepu, na atakayeshinda hashikiki mpaka Krismasi.

Baba yangu, Cuthbert Peart, ambaye kila mtu alimwita Cuddy, alikuwa mgeni. Alitoka Weardale, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na kwa watu wa Withenburn huko ni ng'ambo ya dunia. Mwaka 1985 alikuwa wa pili, nyuma ya Lance Hedley. Mwaka uliofuata, asubuhi ya maonyesho, Lance alitoka nje akakuta liki zake zote zimechanwachanwa kwa kisu.

Wanaume wa kijiji wakapita nyumba kwa nyumba wakinusa visu vya watu. Cha baba kilinuka liki. Asubuhi ile kila kisu cha Withenburn kilinuka liki, maana kila mwanamume alikuwa akisafisha zake tayari kwa mashindano. Lakini walipofika kwetu wakaacha kunusa.

Kila mteja wa kudumu wa Kondoo Mweusi ana kopo lake la bati, limetundikwa kwenye kulabu juu ya kaunta. Akifa, kopo linabaki palepale na hakuna anayelinywea. Akipigwa marufuku, anakabidhiwa kopo lake mkononi, na kulabu inaachwa tupu ili kila anayeinua macho aione aibu yake. Mwenye kupiga marufuku ni mwenye baa, na mwenye kuiondoa ni yeye peke yake. Lance aligonga kengele ya baa. Akasema anayetia kisu kwenye liki za mwenzake hataingia tena humu maisha yake yote. Akapanda kiti, akalishusha kopo la baba kutoka kulabu ya tisa, akampa mbele ya kijiji kizima.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mama. Baba alitembea hadi nyumbani amelishika kopo kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa inanyesha, kopo likajaa maji, na yeye hakuyamwaga.

Kabla ya Krismasi tulihamia Darlington. Baba hakupanda tena hata kitunguu. Kopo alikaa nalo dirishani miaka thelathini na mitatu bila kulinywea. Wiki yake ya mwisho, hospitalini, aliniuliza, "Ile kulabu, Thirza, unadhani wamempa mtu mwingine?" Nikamwambia sijui.

Kopo limo sandukuni mwangu, nimelifunga kwenye sweta. Hedley alimnyang'anya baba mahali pake. Nami nitamnyang'anya chake.

Alhamisi, 22 Agosti. Taa ya Mchimbaji

Mwenye baa ana sauti kama ya Lance Hedley ninavyoikumbuka. Nimemkosoa mpaka mapazia.

Jumanne, 27 Agosti

Jua! Nimetembea kando ya ukuta wa Warumi maili tisa. Kondoo wamenikodolea macho.

Jumapili, 1 Septemba. Mkono na Mkuki

Gillian amepiga simu wakati nakula nyama ya kuoka ya Jumapili, ambayo ilikuwa ngumu kama kandambili.

"Thirza, umeziponda baa nne mfululizo. Umeandika kwamba kifungua kinywa cha Taa ya Mchimbaji kinasikitisha kuliko mazishi."

"Kinasikitisha kweli."

"Mwenyewe amenipigia analia. Nani kakuudhi huko?"

"Hakuna."

"Basi kula kitu kitamu kabla hujaandika tena, tafadhali."

Yuko sahihi. Mwenye Taa ya Mchimbaji ana watoto watatu na soseji zake hazikuwa mbaya. Nimeifuta sentensi ya mazishi. Nikiimaliza hasira yangu kwa watu wasiohusika, nitafika Withenburn mikono mitupu.

Ijumaa, 6 Septemba

Manyunyu. Pai ya figo. Pai isiyo na kitako, kifuniko tu juu ya bakuli! Kifuniko juu ya bakuli si pai, na aliyenipa anajua si pai.

Jumatano, 11 Septemba

Upepo. Siku tano zimebaki.

Jumatatu, 16 Septemba. Kondoo Mweusi, Withenburn

Kwa kawaida nalala siku mbili kila baa. Hapa nimeweka nafasi ya siku sita, mpaka Jumapili, kwa jina la ukoo wa mama: Bi Raine. Sisi wakaguzi sote tunafanya kazi kwa siri, kwa hiyo si ajabu.

Nimeingia saa kumi jioni. Kila kitu kiko pale pale isipokuwa kimekuwa kidogo. Kaunta niliyokuwa siifikii kwa kidevu sasa inanifika kiunoni. Nikainua macho kabla sijajizuia. Makopo ishirini na moja. Kulabu ya tisa tupu.

Lance Hedley ana miaka sabini na mitano sasa. Mrefu bado, sharubu nyeupe, kitambaa begani, na tepu ya kupimia inachungulia mfuko wa shati. Hakunitambua. Kwenye kona ya kaunta alikaa mchungaji mmoja mzee wa kondoo, Tot Robson, ambaye nadhani alizaliwa kwenye kile kiti.

"Karibu, dada," Tot akasema. "Umekuja kupanda milima au umemkimbia mume?"

"Nimekuja kulala."

"Basi umefika. Hapa hatuna kazi nyingine."

"Tot, mwache mgeni," Lance akasema. "Yule wa mwezi wa saba alihamia Rothbury kwa ajili ya mdomo wako."

"Alihamia kwa ajili ya sura yako. Mimi nilimwomba abaki."

Chumba namba mbili: kisafi, shuka zimepigwa pasi, kuna chupa ya maji ya moto kitandani tayari. Nilitaka nikikute na kasoro. Nilipanda juu ya kiti nikapitisha kidole juu ya kabati. Hakuna vumbi.

Jioni nikala supu ya liki. Nikatia kijiko cha haradali ndani, kama baba alivyonizoesha. Mpishi ni mke wa Lance, Mavis, bibi mfupi mwenye mashavu mekundu. Alichungulia kwenye kidirisha cha jikoni kuona kama nakula. Nilimaliza bakuli, nikaongeza. Hii ndiyo supu bora niliyokula katika kaunti hii, na nimechukia kuandika hivyo.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Lance amefunika liki zake kwa miavuli sita. Yeye mwenyewe amelowa.

Jumatano, 18 Septemba

Leo nimemuuliza, kwa sauti ya mtalii mjinga, kwa nini kulabu moja ni tupu.

Baa nzima ikageuka kunitazama. Lance akaendelea kupangusa glasi. "Kuna mtu alipigwa marufuku," akasema.

"Alifanya nini?"

"Alitia kisu kwenye liki."

"Za nani?"

"Zangu."

Tot akacheka, labda apunguze uzito. "Usimshangae, dada. Huyu kampiga marufuku hata ndugu yake wa tumbo moja kwa kukalia meza ya maonyesho. Kampiga marufuku mbwa wa kasisi! Mbwa! Eti kakojoa karibu na tuta. Mbwa mwenyewe kafa zamani, marufuku iko palepale."

"Sheria ni sheria."

"Na kasisi je?"

"Kasisi hakukojoa."

Watu wakacheka wote. Nikacheka nao, na huku mkono wangu chini ya kaunta umekunjwa ngumi hadi kucha zikaniuma. Wanamweka baba yangu fungu moja na mbwa.

Nimepanda chumbani nikaandika ukurasa wa kuiua baa hii. Ni kazi safi. Hakuna uongo wa kushikika ndani yake. Kila kitu kizuri nimekitaja kwa namna ya kumfanya msomaji asikitake. Kesho nautuma.

Alhamisi, 19 Septemba

Sijautuma.

Asubuhi Mavis aliniletea chai kitandani, jambo ambalo halimo kwenye bei. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Unakohoa, kipenzi. Nimekuwekea asali."

"Asante. Usijisumbue."

"Nimsumbukie nani mwingine? Mume wangu ameoa tuta." Akatazama dirishani. Lance alikuwa chini, amepiga magoti kwenye tope, anapima. "Kila mwaka tangu Julai analala kule kwenye hema. Wakati mwingine namsikia anaziongelesha."

"Anaziambia nini?"

"Mambo mazuri. Mimi hajaniambia hayo tangu tuoane."

Nampenda huyu bibi. Naandika kwa shingo upande, lakini nampenda. Nikiua baa namuua na yeye, na yeye hakumfanyia baba kitu. Nikakaa siku nzima na hilo. Halafu nikafikiri: kwa nini niguse baa? Hedley haipendi baa. Anachokipenda kimo kwenye tuta, chini ya miavuli sita.

Ijumaa, 20 Septemba

Kesho ni maonyesho. Wapinzani wameanza kupita barabarani polepole, kila mmoja akijifanya anamtembeza mbwa, shingo zimevuka ukuta. Tot anasema Lance hajawahi kuwa na liki kama za mwaka huu na kwamba akishinda atastaafu, maana magoti yamekwisha. "Mara yake ya mwisho," akasema. "Akikosa hii, mzee atakufa na donge."

Vizuri. Baba naye alikufa na donge.

Kuna kisu cha matunda kwenye trei ya chumba changu. Kidogo, lakini kikali. Nimekijaribu kwenye tofaa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili asubuhi nilishuka kwa mlango wa nyuma. Ukungu umejaa bustani. Hema la Lance lilikuwa wazi na tupu. Nilijua, maana nilimsikia akipanda ngazi kuja kunyoa. Nikaenda kwenye tuta. Zilikuwa pale, nyeupe chini, kijani juu, nzuri kupita maelezo. Nikatoa kisu. Niseme ukweli: sikusita. Nilikuwa nimeshainama.

"Hicho ni cha matunda," sauti ikasema. "Kitakuchelewesha. Mimi nilitumia cha mkate."

Mavis alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya kibanda, blanketi magotini, chupa ya chai miguuni. Nilisimama nikiwa na kisu mkononi kama mwizi wa kuku.

"Kaa, Thirza. Majani yamelowa, kaa kwenye ndoo."

"Umeniitaje?"

"Haradali kwenye supu ya liki. Napika hapa miaka hamsini. Nimeona watu wawili tu wakifanya hivyo, na mmoja alikuwa Cuddy Peart. Tena umeingia tu, ukaangalia kulabu ya tisa kabla hujaangalia orodha ya vinywaji."

Nikakaa.

"Umesema ulitumia cha mkate."

"Ndiyo."

"Mwaka 1986."

"Ndiyo, kipenzi."

"Usiniite kipenzi."

Akamimina chai, akaninyooshea, sikuipokea, akainywa mwenyewe. Akanieleza. Agosti ya mwaka ule mama yake alifariki, Alnwick. Mazishi yaliangukia siku ambayo liki hunyweshwa dawa yao ya mwisho. Lance akasema liki haziwezi kuachwa. Mavis akaenda kumzika mama yake kwa basi, peke yake, akarudi kwa basi. Hakusema neno kwa wiki tano. Asubuhi ya maonyesho akachukua kisu cha mkate.

"Nilitaka ajue kupoteza kitu kukoje," akasema. "Halafu nikarudi jikoni nikakata mkate kwa kisu kile kile. Visu vya wanaume wote walivinusa. Cha jikoni hakuna aliyekumbuka."

"Ulikuwepo alipompa baba kopo."

"Nilikuwepo."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Nilijiambia, kesho nitasema. Kisha mkahama, nikajiambia, basi sasa haina maana." Alikuwa analia, lakini sauti yake haikubadilika. "Umekuja kukata, kata. Sitapiga kelele. Nitasema ni mimi."

Wiki sita nzima nimemchukia mtu mmoja kwa nguvu zangu zote, na hapa siku tano nakunywa supu ya mkosaji na kulalia maji yake ya moto. Nilijisikia mjinga. Baadaye nikajisikia vibaya zaidi, kwa sababu juzi niliandika kwenye daftari hili kwamba nampenda.

Nikakiweka kisu mfukoni. Nikamwambia nafanya kazi gani na kibao cha mlangoni kinatoka wapi.

"Leo," nikasema, "kabla supu haijapakuliwa, utasema mbele yao wote. Ulimwangusha baba yangu mbele ya watu, utamwinua mbele ya watu."

"Nisiposema, utaondoa kibao."

"Usiposema nitakuchukia mpaka siku unayokufa, na nitahakikisha unajua. Kibao ni kitu kidogo."

Akakunja blanketi. "Nina liki za watu arobaini za kumenya," akasema, akaingia ndani.

Maonyesho yalianza saa nane mchana. Watu arobaini kwenye baa ya kutosha ishirini na tano, makoti yanafuka mvuke, mbwa chini ya meza. Jaji kutoka Morpeth alipima, akaandika, akapima tena. Kila mtu alijua kabla hajafungua mdomo. Lance Hedley, wa kwanza, na utepe mwekundu wa ushindi. Alishikwa mikono, alipigwa mgongoni, Tot akampigia saluti. Sijawahi kuona mtu mzima amejaa furaha vile, na nilijiambia: mwache ajae kwanza.

Kisha nikatoa kopo la baba kwenye sweta, nikaliweka juu ya kaunta.

Nilidhani nitahitaji kueleza. Sikuhitaji. Wazee wakalitazama, wakatazama kulabu, wakakatiza maneno mmoja baada ya mwingine mpaka nikasikia mvua dirishani.

"Hilo linatoka wapi?" Lance akasema.

"Darlington. Mimi ni Thirza Peart. Baba tulimzika Aprili."

"Binti, mimi nilisema maisha. Sitamtoa mtu aliyefiwa kwa maneno makali, lakini hilo haliwezi kukaa hapo. Sheria..."

"Lance," Mavis akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakuipaza sauti. Alisema, "Liki zako za mwaka ule nilizikata mimi. Kwa kisu cha mkate. Cuddy Peart hakugusa hata jani," na akaongeza, "Uliniacha nimzike mama peke yangu."

Tot akashusha glasi yake. Lance alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama liki mezani na utepe wake mwekundu. Nilingoja afoke. Badala yake akapanga kitambaa begani vizuri, akaenda kwenye kengele, akaigonga mara moja.

"Cuthbert Peart," akasema. Akaanza upya. "Cuthbert Peart. Marufuku imeondolewa. Nyumba hii ilimkosea."

Alinyoosha mkono kuchukua kopo alitundike. "Kwanza lijaze," nikasema.

Akalijaza. Nikanywa mbele yao, lote, na mimi si mnywaji wa bia. Ilikuwa chungu na ilinipalia na sikuacha tone. Lance akalipangusa kwa shati lake mwenyewe, akapanda kiti, magoti yakilia, akalitundika kwenye kulabu ya tisa. Nililia wakati huo, sioni haya kuandika.

Nilidhani yameisha. Lakini Lance hakushuka kitini. Alisimama pale juu, uso umekuwa mweupe, ananitazama kama anayetaka nimwokoe.

"Malizia, Lance," Mavis akasema.

"Mavis..."

"Umempiga marufuku mpaka mbwa. Malizia."

"Mwacheni mama wa watu!" Tot akapaza sauti. "Lance, usiwe punda!"

Mimi ningeweza kusema neno pale. Neno moja la binti wa Cuddy Peart, na mzee angeshuka. Niliona watu wananiangalia wakilingoja. Nikamkumbuka baba na kopo la maji ya mvua. Nikafunga mdomo wangu.

Lance akagonga kengele. "Anayetia kisu kwenye liki," akasema, karibu hasikiki, "hataingia tena humu. Maisha yake yote."

Mavis akafungua aproni. Akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta karibu na utepe mwekundu. "Supu haijatiwa chumvi," akasema. "Na nyama ya kesho iko kwenye barafu." Akapita katikati ya watu, akachukua koti lake mlangoni. Pale ndipo Lance alipokumbuka kwamba wanaishi ghorofani.

"Kuna ngazi za nyuma, Mavis! Ngazi za nyuma si baa!"

"Sipandi ngazi za nyuma za nyumba yangu," akasema, akatoka.

Supu ilipakuliwa bila chumvi. Watu arobaini waliila hivyo hivyo. Lance alisimama na upawa mbele ya sufuria akiulizwa chumvi iko wapi, na hakujua. Miaka hamsini katika nyumba ile, hajui chumvi inakaa wapi.

Nimefurahi. Naiandika kama ilivyo.

Jumapili, 22 Septemba

Kifungua kinywa: hakuna. Lance alijaribu yai. Nikamlipa, nikamrudishia ufunguo, akasema, "Baba yako alikuwa mkulima mzuri wa liki." Sifa hiyo imechelewa miaka thelathini na mitatu, lakini nimeichukua.

Mvua kubwa. Mwisho wa kijiji nikamkuta Mavis kituo cha basi, ameketi juu ya sanduku. Alilala kwa akina Robson na anakwenda kwa dada yake, Alnwick. Basi la Jumapili lilifutwa zamani. Hakujua, maana hajawahi kutoka siku ya Jumapili. Nikampita kwa gari langu. Nikafika darajani, nikatukana, nikarudi kinyumenyume.

Akaingia. Tulikuwa tunaikaribia Rothbury.

"Huwezi kunisamehe," akasema.

"Siwezi."

"Sawa." Akasogeza miguu. "Basi punguza hita hii, viatu vyangu vinaungua."

Nikaipunguza.

Ule ukurasa wa kuiua baa nimeuchana. Nimemtumia Gillian huu mfupi:

"Kondoo Mweusi, Withenburn. Vyumba visafi, vitanda vizuri, mwenyeji anashika sheria. Mpishi ameondoka na hatarudi, kibao kiondolewe. Ukipita kunywa, inua macho. Kopo la kulabu ya tisa ni la Cuthbert Peart wa Weardale. Usiliguse."